Basi la Usiku Halituokolei Siku

Mahindi ya mwisho yakishaingia ghalani, mazungumzo ya Kachibora, huku Trans Nzoia, huhamia Pwani. Kuna aliye na mwana anayefanya kazi bandarini Mombasa, kuna aliyealikwa harusi Mtwapa, kuna mwalimu aliyewaahidi wanawe kwamba mwaka huu wataiona bahari kwa macho yao. Swali la watafikaje huko hujibiwa hata kabla halijaulizwa: panda basi la usiku Kitale, lala njiani, amka Mombasa. Jibu hili limerudiwa mpaka limekuwa kama sheria. Mpiga debe wa Kitale analisema, mzee wa kanisa analisema, na mhasibu wa ushirika wa maziwa, mtu asiyepotewa na senti, analisema pia. Mimi nalipinga. Nalipinga kwa hesabu, kwa sheria za barabara za nchi hii, na kwa ajili ya mama zetu na watoto wetu tunaowapakia kwenye mabasi hayo kila Desemba.

Niwatendee haki kwanza wanaoshikilia msimamo huo, kwa sababu si watu wa kubahatisha. Wanasema mkulima hana siku ya kupoteza. Ukisafiri usiku, asubuhi umekama ng'ombe, mchana umemalizana na vibarua, jioni uko garini. Hulipi chumba Nairobi. Hubadilishi gari wala hushuki na mizigo mahali ambapo huna mwenyeji. Nauli ni moja na kiti ni kimoja, kutoka Kitale hadi Mombasa. Kuhusu treni ya Nairobi hadi Mombasa, wanaongeza kwamba hiyo ni ya watu wa Nairobi. Sisi tulio chini ya milima ya Cherangany tunaiona kwenye televisheni tu. Bungoma na Webuye utayasikia maneno hayo hayo.

Tuichukue barabara yenyewe. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni 480 hivi. Jumla ni 860. Gari la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kimekuwa cha lazima tangu kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004. Gawanya 860 kwa 80: ni saa kumi na dakika 45, tena kwa basi ambalo halikutani na tuta, halisimamishwi na polisi, halipandi Timboroa nyuma ya lori la mafuta, na halina abiria hata mmoja anayehitaji choo. Basi la namna hiyo halipo. Sasa isome Sheria ya Trafiki: dereva wa gari la abiria haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa ishirini na nne. Kwa hiyo hakuna dereva mmoja, awe hodari namna gani, anayeweza kukutoa Kitale akakufikisha Mombasa kwa usiku mmoja bila kuivunja sheria. Ama atakimbia kupita kiasi, ama ataendesha akiwa amechoka kupita kiasi.

Zipo kampuni zinazobeba madereva wawili, na zinastahili heshima kwa hilo. Lakini muulize anayekuuzia tiketi: dereva wa pili ni nani, na anapumzika wapi? Akikuonyesha kiti cha mbele karibu na mlango, jua kwamba atakayeshika usukani saa tisa ya usiku amekuwa akilala kama unavyolala wewe, shingo ikianguka kila breki inapokanyagwa.

Na njia hiyo tunaijua vizuri. Ukishapita Burnt Forest unaingia Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu hushuka hadi kwenye lami na mwanga wa taa za gari hauendi mbali. Baada ya Mau Summit unakuja mteremko mrefu wa Sachangwan, Migaa na Salgaa, mahali ambapo breki za malori zimeshindwa mara nyingi mno. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka ukaua zaidi ya 100. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, watu 36 wakafa. Baada ya ajali hiyo NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku nchini kote. Marufuku ikaondolewa mwaka uliofuata. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla hakujapambazuka, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha njia huko Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Hao walikuwa majirani zetu. Nao walipanda ili walale njiani, waamke nyumbani.

Kati ya Sachangwan na Salgaa pamejengwa ukuta wa zege wa kutenganisha magari yanayopishana, na umesaidia. Ila ukuta hauondoi ukungu, wala haumwamshi dereva.

Najua nitakavyojibiwa: hata mchana watu hufa. Ni kweli. Ajali ya njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, ilitokea mapema jioni, lori likawapitia wachuuzi na magari yaliyosimama, watu 52 wakafa. Tarehe 18 Machi 2024 basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta lililokuwa likielekea Pwani liligongana na lori Maungu, karibu na Voi, wanafunzi 11 wakafa. Barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika miaka hii ya karibuni. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, haiwasaidii wao. Ikiwa lami ni ya hatari mchana na usiku, basi jambo la busara ni kuzipunguza kilomita za lami. Treni inaondoa 480 kati ya 860. Zaidi ya nusu ya safari, Maungu ikiwemo, unaipita juu ya tuta la reli ambako hakuna lori linalokuja mbele yako. Zile 380 zinazobaki unazipita mchana, dereva akiona anakokwenda.

Na mzazi anijibu hili. Basi la shule la rangi ya manjano haliruhusiwi kubeba wanafunzi usiku wa manane. Tunaikubali sheria hiyo, na mwalimu mkuu akiivunja tunamwandama mpaka afisi ya elimu ya kaunti. Mtoto yule yule, shule ikifungwa, tunamkatia tiketi ya basi la saa kumi na moja jioni aende kwa shangazi yake Kisauni. Ni usiku ule ule na barabara ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna wa kulaumiwa ila sisi.

Tuseme basi limefika salama, kama yanavyofika mengi. Bado lile neno la kulala njiani si kweli, na anayelilipia zaidi ni mzee. Mtazame bibi wa miaka sabini anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Likoni. Tangu asubuhi hajanywa maji. Anajua basi litasimama mara chache sana hadi Mtito Andei, na kwamba kati ya hapo hatamwita utingo, kijana wa umri wa wajukuu zake, kumwambia amebanwa. Kwa hiyo amekula kidogo saa sita, amejifunga leso mbili, na mkoba wa vitumbua ameuweka mapajani. Mtito Andei basi linasimama kabla hakujapambazuka. Taa za mkahawa zinaumiza macho, vijana wanakimbilia chipsi na soda. Yeye anashuka ngazi kinyumenyume, mikono miwili kwenye mlango, kwa sababu magoti yamekaza na miguu imevimba hadi mikanda ya viatu imeacha mifereji kwenye ngozi. Foleni ya choo cha wanawake inafika nje. Honi inalia akiwa bado ndani. Anarudi mbio kadiri awezavyo, anakosea basi, anaelekezwa, anapanda, abiria wanamtazama kama aliyewachelewesha. Huyo ndiye tunayesema amelala njiani.

Kwenye treni kuna choo ndani ya behewa, na kuna kijia cha kutembea miguu ikifa ganzi. Mtu hunywa maji yake bila hofu. Viti vya daraja la kawaida vimenyooka na havilali nyuma. Hilo wanaolilalamikia wana haki. Lakini safari ni ya saa tano au sita tu, tena mchana, na mbele yako kuna meza ya kuwekea chai. Dirishani inapita Emali, Kibwezi, kisha Tsavo, ambako reli imeinuliwa juu ya tuta na kuachiwa mapitio ya wanyama chini yake. Mtoto aliyekulia kati ya mashamba ya mahindi na viazi ataona ndovu wenye rangi nyekundu ya udongo wa huko, atawaonyesha wenzake kwa kidole, na hatawasahau. Yule wa basi la usiku hupita katikati ya Tsavo yote akiwa amefunika kichwa kwa sweta.

Sasa ile siku tunayodai kuiokoa. Basi likitoka Kitale Jumanne jioni, litakufikisha Mombasa Jumatano, ama katikati ya asubuhi, ama adhuhuri, kutegemea foleni za malori, polisi na hali ya gari. Ukifika huna nguvu za kuzungumza na mwenyeji wako. Unaoga, unalala hadi magharibi. Njia ninayoitetea ni hii: Jumanne alfajiri unapanda matatu Kachibora hadi Kitale, kisha gari la Nairobi, na alasiri uko Nairobi. Unalala. Jumatano saa mbili asubuhi treni inaondoka Syokimau, na saa nane mchana hivi unashuka Miritini. Tofauti ya kufika ni saa chache, na wewe unafika ukiwa mtu mzima, tayari kula chakula cha mchana na waliokusubiri. Kinachobaki kwenye hoja yao ni asubuhi moja ya Jumanne. Niambieni nani, siku anayosafiri kwenda Pwani, hupalilia shamba asubuhi yake. Siku hiyo ni ya kufunga mizigo, kutafuta funguo na kumwagiza jirani atazame ng'ombe. Imeshapotea kabla basi halijawasha injini.

Chumba cha Nairobi si kikwazo kama tunavyokifanya. Nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma zina mtu Kangemi, Kawangware au Githurai, na jamaa huyo hulalamika kila mwaka kwamba tunampita usiku kama asiyekuwepo. Asiye na jamaa atapata chumba cha bei ya wastani Mlolongo, ambako si mbali na kituo cha treni. Kazi ngumu ni kufika Syokimau asubuhi. Usiingoje matatu ya kubahatisha; ipo treni ndogo inayotoka kituo cha zamani katikati ya jiji kuwapeleka abiria wa treni kubwa, na anayelala karibu na mji aitumie hiyo.

Nauli inastahili kuzungumzwa bila kuficha. Daraja la kawaida la treni ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, ilipopanda kutoka 1,000. Ukijumlisha na gari la Kitale hadi Nairobi, siku za kawaida utatoa zaidi kidogo kuliko nauli ya basi la moja kwa moja. Lakini ni wangapi wetu huenda Pwani siku za kawaida? Tunakwenda Desemba, na Desemba nauli ya basi hupanda bila mtu kuulizwa, wakati ile 1,500 ya treni haibadiliki, iwe wiki ya Krismasi au katikati ya Februari. Lipo na jingine ambalo wanaopiga hesabu hulisahau. Wiki ya Krismasi umati wote unatoka Nairobi kuja huku juu. Magari yanayoshuka kutoka Kitale kurudi Nairobi huwa na nafasi, na abiria ndiye anayebembelezwa. Januari mambo hugeuka: wao wanarudi mjini, wewe unatoka mjini. Kati ya Kitale na Nairobi, mtu wa Kachibora anayekwenda baharini husafiri kinyume cha umati kwenda na kurudi, na faida hiyo hupotea akijifunga kwenye tiketi moja ya basi.

Hoja inayonikera kuliko zote ni kwamba treni ni ya watu wa Nairobi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Magunia ya mahindi ya nchi hii yalipakiwa mabehewani hapa hapa, yakapita Eldoret, Nakuru na Nairobi hadi bandari ya Kilindini, miaka mingi kabla hakujawa na lami ya kupitisha basi. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ilikuwa imejengwa kwa mkopo wa China ambao unalipwa na nchi nzima, na tangu mwaka 2013 bidhaa nyingi zinazoingia Kenya hutozwa ushuru wa kuendeleza reli. Anayenunua bidhaa hizo dukani Kachibora ameshachangia reli, awe amewahi kuiona au la. Kwamba mwaka 2019 ilikomea upande wa Naivasha badala ya kuja Malaba ni uamuzi wa waliopanga, na tuna haki ya kuwadai. Tutawadai kwa nguvu gani, ikiwa hata kile kipande kilichopo tunakiita cha wengine?

Waitaliano, ambao wamejenga nyumba na hoteli nyingi Malindi, kwao hawana mjadala huu. Mtu wa Bologna anayekwenda ufukwe wa Rimini hupanda treni pamoja na mafundi na wanafunzi, na akishuka hutembea kwa miguu hadi baharini. Reli ilifika Rimini mwaka 1861, na mji wa mapumziko ukakua kuifuata. Sisi Miritini iko mbali na mchanga, na hilo ni kosa la kweli. Ila siku hizi anayekwenda Diani anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja kutoka upande wa Miritini, bila kuingia kisiwani wala kusubiri feri ya Likoni. Wa Malindi na Watamu bado watapanda matatu, nayo ni safari ya mchana.

Ndege siizungumzii sana. Uwanja wa Eldoret uko ng'ambo ya mji, barabara ya Kapsabet, na kwa familia ya watu watano bei yake inafunga mjadala. Mwenye uwezo aende.

Wapo ambao basi la moja kwa moja linawafaa, na sitawabeza. Anayepeleka magunia mawili ya viazi na debe la maharagwe kwa watoto wake Changamwe hawezi kuyahamisha kutoka gari hadi gari, kisha kuyapitisha kwenye ukaguzi wa mizigo wa Syokimau. Anayepigiwa simu kwamba ndugu yake amelazwa hali mahututi hana muda wa kungoja treni ya kesho. Hao wana sababu. Lakini wengi wetu hatuna sababu. Tuna mazoea tuliyoyarithi kutoka miaka ambayo basi ndilo lililokuwapo peke yake, na tumeendelea kuyaita busara.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kwenda Desemba hii: anza na tiketi ya treni, si ya gari. Inakatwa kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa, unahitaji nambari ya kitambulisho, na viti vya wiki ya Krismasi huisha haraka, kwa hiyo kata mapema kadiri uwezavyo. Chagua ile ya saa mbili asubuhi. Ya saa nne usiku inakushusha Miritini kabla ya alfajiri, na hapo umerudi kwenye usiku ule ule uliokuwa ukiukimbia. Mpigie jamaa yako wa Kangemi umwambie siku utakayolala kwake. Ondoka Kachibora alfajiri, si jioni. Na kama huendi mwenyewe bali unamtuma mama yako, usimkatie basi la usiku kwa sababu limezoeleka. Mlipie hiyo tofauti, mkatie kiti cha dirishani, na mtu ampokee Miritini mchana.